Mwongozo kamili: kumchagulia mtoto jina la angani ukiwa Dar

Wazazi wengi wanaotaka jina la mambo ya nyota wanaanza kwa kugugo, wanaletewa listi ya Luna, Nova, Orion, Aurora, wanachagua linalosikika tamu basi wameshamaliza. Mimi nakushauri usianzie huko. Ni mpenzi wa nyota wa siku nyingi na nimeshakaa na wazazi wengi tu tukitafuta majina, na msimamo wangu ni mmoja: jina zuri la angani ni lile ambalo mtoto akiuliza "mama, jina langu ni nini?" unamshika mkono mnatoka nje, unanyoosha kidole juu unamwambia ni ile pale. Ukiwa hapa hapa Dar, sio Ulaya, sio kwenye picha ya simu. Hatua zote za hapa chini zinatoka kwenye hilo.

Hatua ya 1: Anza na majina yaliyopo tayari nyumbani

Watu wanadhani majina ya angani ni kitu cha kuletwa toka nje wakati mtaa mzima umejaa. Zuhura ni sayari, ile inayowaka sana magharibi baada ya jua kuzama au mashariki kabla ya alfajiri, na ukiacha mwezi hakuna kitu kinachong'aa kuizidi usiku. Kwahiyo kila bi Zuhura unayemjua Temeke au Magomeni ana jina la sayari na pengine hajawahi kuambiwa. Hilali ni mwezi mwandamo, Badru na Badria ni mwezi mpevu wa usiku wa 14, Shamsi na Shamsa ni jua, Najma ni nyota, Shihabu ni kimondo. Nyota lenyewe nalo ni jina, linafaa wa kike na wa kiume.

Alafu kuna akina Shabani, Rajabu na Ramadhani. Hii miezi inahesabiwa kwa mwandamo wa mwezi, ndo maana mwaka wake una siku 354 hivi na Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mzee anayeitwa Shabani amebeba kalenda ya mwezi jina zima. Kama familia ina babu Shabani na nyie mnataka jina la angani, basi hamna ugomvi, vyote viwili mmevipata kwa mpigo.

Majina mawili nayapenda kuliko yote na naona hayatumiki inavyostahili.

La kwanza Kilimia. Ni kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana ambacho Waarabu wanakiita Thurayya, ndo huko linakotoka jina Thuraya au Suraiya. Kwa macho ya kawaida wengi wanahesabu nyota 6 hivi ingawa ziko mamia. Wakulima wa pwani walikuwa wanaangalia Kilimia kujua msimu na ndo ukatoka ule usemi wa wazee, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua". Wakristo mnaosoma Biblia ya Kiswahili mtakikuta kwenye kitabu cha Ayubu sura ya 38, hapo hapo na Orioni. Kiko mbali kama miaka 440 ya mwendo wa nuru, maana yake mwanga unaouona leo ulitoka kule wakati Wareno wako bado kwenye pwani yetu. Mtoto akiitwa Kilimia ana hadithi ya kusimulia mpaka anazeeka.

La pili Jabari. Watu wanalijua kama jina la mtu jasiri, mwenye nguvu, lakini ndo jina la Kiswahili la lile kundi la nyota ambalo wazungu wanaliita Orion, lenye nyota 3 zimejipanga mstari mmoja kama mkanda. Kwahiyo baba unayehangaika na "Orion", lako lipo na linatamkika. Angalizo moja tu kwa Waislamu, Al-Jabbar ni katika majina ya Mwenyezi Mungu na mashehe wengine watakwambia andika Abduljabari, muulize wako mapema msije kubishana siku ya akika.

Yapo na yaliyojificha zaidi. Uhuru, jina ambalo Tanzania na Kenya wanalo wengi tu, ndo jina la setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima miali ya eksirei kutoka angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina hilo sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake. Kibo nalo, zaidi ya kuwa kilele cha Kilimanjaro, ndo jina la maabara ya Wajapani kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kwao maana yake tumaini. Na kama ukoo wenu mnapenda majina ya watakatifu, Sesilia linabeba pia heshima ya Cecilia Payne, mwanamke aliyeonyesha mwaka 1925 kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni. Stella nalo ni nyota kwa Kilatini, na Wakatoliki wanamwita Bikira Maria Stella Maris, nyota ya bahari, jina ambalo kwa mji wa bandari kama huu naona linakaa mahali pake kabisa.

Hatua ya 2: Hakikisha kinaonekana kutoka hapa

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Hii ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nyota ya kaskazini, Polaris, iko chini ya upeo wa macho yetu muda wote, huioni Dar hata upande ghorofa gani. Aurora kama unamaanisha zile taa za angani za kijani ni mambo ya karibu na ncha za dunia, labda ulichukue kwa maana yake ya zamani ya alfajiri, hapo sawa, alfajiri tunayo kila siku. Polaris ni jina zuri lakini mtoto wa Mbagala atakuwa na nyota asiyoiona mpaka asafiri, na mimi hilo linaniuma.

Kwa upande mwingine sisi tuna vitu ambavyo watu wa London hawavioni kabisa. Suheli ni nyota ya pili kwa kung'aa usiku, wazungu wanaiita Canopus, na mabaharia wa Kiarabu na Kiswahili waliijua kiasi kwamba suheli likawa neno la kusini. Suheli kwa mtoto wa kiume au Suhaila kwa wa kike, mimi nasema ni katika majina bora kabisa kwa mtu wa pwani. Inayoizidi kung'aa ni moja tu, Shira, yaani Sirius.

Muda wa kuangalia, kwa saa 3 usiku:

Mwisho wa Desemba mpaka Januari, Kilimia kiko juu upande wa kaskazini. Mwisho wa Januari Jabari anapita karibu kabisa utosini, zile nyota 3 za mkanda huna haja ya kuzitafuta. Februari katikati, geukia kusini, Suheli iko karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini, na Shira inakuwa juu kichwani karibu. Mei na Juni mwanzoni ndo msalaba wa kusini, Salibu, ila Mei mawingu ya masika yanasumbua, Juni anga linakuwa safi zaidi, toka mapema kidogo kama saa 2. Julai na Agosti kundi la nyota la Nge liko juu na mkia wake umejikunja kabisa, anaonekana nge kweli.

Taa za mji zinakula nyota. Ukiwa Kariakoo au Sinza utaona mwezi, Zuhura, Shira, Suheli na mkanda wa Jabari, hizo hazishindwi na taa. Kilimia kinataka giza, nenda fukwe za Kigamboni kule mbele kuelekea Kimbiji, au Bagamoyo, au umeme ukikatika mtaa mzima tumia nafasi hiyo hiyo panda juu ya paa.

Usiamini maneno ya mdomoni, yangu yakiwemo. Pakua Stellarium, programu ya kuonyesha anga, ipo ya bure, weka mahali Dar es Salaam weka tarehe na saa, utaona anga lilivyo. Na ukishapata mtoto rudisha saa aliyozaliwa uone nini kilikuwa juu ya hospitali muda ule. Wengine jina limetoka hapo hapo, mtoto kazaliwa alfajiri Zuhura iko mashariki, unatafuta nini tena.

Hatua ya 3: Jaribu jina mdomoni na mtaani

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na ndo inayoamua.

Kwanza, huku kwetu jina la mtoto linakuwa jina lako. Siku mtoto anazaliwa wewe sio tena Rehema au Juma, ni Mama fulani na Baba fulani, dukani, kwenye vikoba, msikitini, kazini mpaka unazikwa. Kwahiyo jiite kwa sauti: Mama Nyota. Baba Hilali. Mama Kilimia. Baba Jabari. Yanakaa. Sasa jaribu Mama Betelgeuse, jina la nyota moja ya Jabari. Kama jina linakuchosha wewe mwenyewe ukilisema mara 2 majirani watalibadilisha ndani ya wiki na utakalobaki nalo sio ulilochagua.

Pili, liite kwa nguvu kama unamwita mtoto aingie ndani magharibi imefika. Majina yetu yanapenda kuishia na vokali sababu ndo sauti inavutika, Zuhuraaa, Shamsaaa. Yanayoishia na konsonanti yataongezewa tu, Orion ataitwa Orioni, na nyumba nyingine ataitwa Olioni sababu r na l zinabadilishana, Rigel, nyota nyingine ya Jabari, atakuwa Rigeli. Sio vibaya, ila ulipende na hilo litakalotokea.

Tatu, neno hilo linamaanisha nini kingine hapa mjini? Hapa nakuomba uwe makini sana. Qamar ni mwezi kwa Kiarabu, jina tamu kabisa, lakini ukiliandika Kamari umempa mtoto jina la mchezo wa kubeti, kwahiyo andika Qamar au chukua Kamaria. Saratani ni kundi la nyota kweli, lakini ni ugonjwa, usithubutu. Korona ni ile taji ya mwanga inayoonekana jua likipatwa lote, kitu kizuri mno kukitazama, ila baada ya 2020 hakuna mtoto anayestahili kuitwa hivyo. Mwezi kwa mtoto wa kike atataniwa akifika darasa la 6 na unajua sababu. Miranda ni mwezi mdogo wa sayari ya Uranus, uligunduliwa 1948, ila watoto wenzake watamwita Mirinda. Carina ndo kundi lenyewe lenye Suheli, Cressida nao ni mwezi wa Uranus, lakini Dar hayo ni magari ya Toyota na ndo kitu cha kwanza kila mtu atakachosema. Subaru pia, Wajapani wanakiita Kilimia hivyo, zile nyota 6 kwenye nembo ya gari ndo Kilimia chenyewe, hadithi nzuri ya kumsimulia mtoto wako anayeitwa Kilimia.

Hatua ya 4: Liweke na jina la baba na la babu

Wengi wetu hatutumii jina la ukoo mwishoni kama wazungu, mtoto anabeba lake, la baba, la babu. Andika yote matatu kwenye karatasi usome. Nyota Juma Saidi. Suheli Hamisi Badru, hili lina nyota mwanzo na mwezi mwisho, limetulia. Ukiwa na majina mawili marefu nyuma chagua fupi mbele. Angalia pia herufi za mwanzo zikikaa pamoja zinasomekaje. Mapacha msiwape yanayofanana sana, Shamsa na Shamsi ndani ya nyumba moja ni kelele kila siku, bora Shamsi na Badria, jua na mwezi mpevu, ukiita mmoja hawaji wawili.

Hatua ya 5: Wazee, dini, na neno "nyota"

Usipeleke jina kama taarifa, peleka kama ombi. Kaa na bibi mzaa baba na bibi mzaa mama kabla mtoto hajazaliwa, sababu kwenye familia nyingi kuna jina linalosubiri, la babu aliyefariki au shangazi aliyelea watu. Kama lipo, lichukueni hilo liwe la nyumbani na la angani liende kwenye cheti, au kinyume chake. Na waulizeni wazee jua, mwezi na nyota zinaitwaje kwa kilugha chenu. Wachaga kwa mfano Ruwa ni jua na ni Mungu, kwahiyo kuna maneno ya kuheshimiwa ambayo sio ya kumpa mtoto bila kuuliza, na kuna mengine mazuri ambayo hayapo kwenye listi yoyote ya mtandaoni.

Kuna wazee watasita ukitaja Nyota. Usiwacheke. Mjini hapa watu wanasema fulani kaibiwa nyota, fulani anasafishwa nyota, na bibi anaogopa unamtangazia mtoto kitu cha kuchukuliwa. Mweleze taratibu kwamba wewe unazungumzia elimu ya falaki, ile ya kupima na kuangalia, sio unajimu wa kutabiri bahati. Hata kwenye unajimu wa zamani Zohali, yaani Saturn, ilionekana sayari ya nuksi, wakati ukiiona kwenye darubini na pete zake hutaki kuondoa jicho. Kama bibi bado hana amani, Najma ni nyota vile vile na halimshtui mtu.

Waislamu mnaomfanyia mtoto akika siku ya 7 mna wiki moja tu, kwahiyo jina liwe limeshakubaliwa. Kuna sura nzima zenye majina haya, An-Najm, Al-Qamar, Ash-Shams, At-Tariq, hivyo Tariki au Najma shehe hatakuwa na shida nayo. Shira limetajwa kwenye An-Najm aya ya 49, kwamba Mungu ndiye Mola wa hiyo nyota, maana kuna watu waliiabudu, kwahiyo hilo muulize kwanza. Wakatoliki, sheria ya Kanisa inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo, sio lazima liwe la mtakatifu, ila ongea na paroko mapema na wengi wanaweka jina la ubatizo pembeni wanamaliza.

Hatua ya 6: Tukio la angani kama lipo

Huku kwetu mtoto kupewa jina la tukio ni kawaida, kuna Masika, kuna Sikujua, kuna Mvua. Waliozaliwa tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa likabaki pete pale Rujewa, Mbarali, au usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa wote ukawa mwekundu, wana sababu ya kuitwa Shamsa au Badru ambayo hakuna anayeweza kuwanyang'anya. Andika tarehe, saa na ulichokiona kwenye daftari umtunzie.

Hapo hapo niseme kitu kingine. Kuna watu mtandaoni wanauza "jina la nyota", unalipa dola unapewa cheti kwamba nyota fulani sasa inaitwa jina la mwanao. Majina ya nyota yanakubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Falaki na huo umoja hauuzi, hicho cheti hakuna mwanafalaki anayekitambua. Hela hiyo nunua darubini ndogo ya macho mawili, hata ya mtumba, na miezi ya sayari ya Mshtarii, yaani Jupiter, utaiona kwa macho yako.

Na kwa walioamua Shira, iko umbali wa miaka 8.6 ya nuru. Mtoto akitimiza miaka 8 na nusu na kidogo, mwanga atakaouona usiku huo uliondoka kule wakati anazaliwa. Panga safari ya Kigamboni siku hizo.

Hatua ya 7: Andika mara moja, andika sawa

Jina lolote likishakubaliwa amueni tahajia moja. Zuhura au Zuhra, Thuraya au Suraiya, Badru au Badri, mojawapo, na baba asiandike hivi mama vile. Liandikeni kwenye karatasi muende nayo hospitali, sababu muuguzi anaandika anachosikia na wakati huo mama kachoka na baba yuko nje kwenye foleni ya dawa. Hospitali wanawapa tangazo la kizazi, mnalitumia kupata cheti cha kuzaliwa RITA, msisubiri zaidi ya siku 90, na kama kituo mlichojifungulia wanasajili hapo hapo basi malizeni hapo hapo. Hicho cheti ndo kitafuatwa shuleni, kwenye mitihani ya NECTA, NIDA, pasipoti, na herufi moja ikitofautiana mtoto akiwa mkubwa ataanza kuzunguka na viapo vya mahakamani, na kwa majina haya yenye th, q na h herufi moja kuruka ni rahisi sana. Kwahiyo mkipewa cheti msikitie kwenye bahasha, simameni dirishani msome herufi moja moja, la mtoto, la baba, la mama, na kama pameandikwa Kamari badala ya Kamaria mrudishe pale pale kabla hamjaondoka.